Paka Aliyevikwa Hariri ya Baghdad

Mwaka huu sitaandika juu ya ngeli wala methali, kwani wenzangu wameziandika hizo hadi zikachoka. Nimeazimia kuandika juu ya paka. Sisemi paka wenyewe, bali majina waliyopewa na Waingereza. Ndani ya majina hayo mna hoja itakayotufaa sisi tunaoambiwa kila siku, hata humu darasani, ati Kiswahili si lugha kamili bali ni Kiarabu kilichoombwa na kushonwa viraka.

Hebu tuanze na neno “tabby”. Huyu ni paka wa milia, yule wa kijivu au hudhurungi mwenye mistari myeusi mbavuni, ambaye hakosekani sokoni wala mtaani. Neno lenyewe lina sauti ya Kiingereza tupu, sivyo? Sasa sikilizeni. Zamani katika mji wa Baghdad palikuwa na mtaa ulioitwa Attabiya. Wafumaji wa mtaa huo walikuwa hodari wa kufuma hariri yenye milia, na Waarabu wakakiita kitambaa hicho “attabi”, yaani cha Attabiya. Kitambaa kikapendwa, kikasafiri hadi Ulaya. Wafaransa wakakiita “tabis”. Waingereza nao wakalichukua neno kwa Wafaransa, wakalifinyanga likawa “tabby”. Ilipofika karne ya 17 walikuwa wameanza kumwita hivyo paka mwenye milia kama ya kitambaa kile. Siku hizi hariri imesahaulika na paka ndiye aliyebaki na jina. Basi Mwingereza anapomwita paka wake jioni aje anywe maziwa, anautaja mtaa wa Baghdad, tena kwa Kiarabu, na wala hana habari!

Twende kwa paka wa rangi tatu: nyeupe, nyeusi na rangi ya chungwa. Wamarekani humwita “calico”, na jimbo la Maryland lilimfanya kuwa paka rasmi wa jimbo mwaka wa 2001. Neno hili nalo ni kitambaa. Ni nguo ya pamba iliyotoka bandari ya Calicut huko Bara Hindi, ambako Vasco da Gama alifika mwaka wa 1498 akiongozwa na rubani aliyempata hapa kwetu Malindi. Fungua kamusi ya Kiswahili utalikuta neno “kaliko” limetulia. Sisi tulilichukua tukaliacha kwenye nguo. Wao walilichukua wakamvisha paka. Sasa nani kaomba, nani hakuomba?

Waingereza wenyewe hawamwiti paka huyo kwa jina la nguo. Wao humfananisha na gamba la ng'amba, yule kasa ambaye magamba yake yaliuzwa kutoka mwambao wetu tangu enzi za kale, yakatengenezwa vitana na visanduku.

Nikiwa bado hapo kwa paka wa rangi tatu, kuna jambo la ajabu ambalo siwezi kulipita. Karibu wote ni majike. Sababu ni kwamba rangi ya chungwa na ile nyeusi hutegemea kromosomu iitwayo X. Jike anazo mbili, kwa hivyo moja yaweza kubeba rangi ya chungwa na nyingine nyeusi, zikatokea zote mwilini. Dume anayo moja tu, basi hupata rangi moja kati ya hizo. Dume wa rangi tatu akizaliwa, mara nyingi huwa amepata X ya ziada, naye kwa kawaida hazai.

Sasa tazameni vile sisi tulivyofanya kinyume. Mwingereza alikuwa na nguo akampa mnyama jina lake. Mswahili alikuwa na ndege, kanga, mwenye madoadoa meupe, na inasemekana kuwa nguo za madoa zilipoingia mwambao katika karne ya 19, zikaitwa kwa jina la ndege huyo. Kwa maoni yangu tumewashinda, maana kanga bado anaruka na kanga bado inavaliwa. Attabi ya kweli nani anaivaa?

Yako majina mengine nitakayoyapitia haraka. Paka jike wa kuzalisha huitwa “queen”, yaani malkia. Dume zamani aliitwa “gib”, kifupi cha Gilbert, kabla jina Tom halijaenea baada ya kitabu kimoja cha mwaka wa 1760 ambacho shujaa wake alikuwa paka wa jina hilo. Kiswahili hakikuhitaji kuazima jina la mtu: paka dume mkubwa wa kuzurura ni shume, na mtoto wa paka ni kinyaunyau. Paka mzee wa kike huitwa “grimalkin”, maana yake Malkin wa kijivu, na Malkin ni Matilda aliyebembelezwa. Shakespeare alimpa mchawi wake paka wa jina kama hilo katika “Macbeth”.

Pahali pamoja tu ndipo walipotupita. Kundi la paka wao huliita “clowder”, neno lililo ndugu ya lile lao la vitu vilivyovurugika ovyo. Sisi tuna bumba la nyuki, tita la kuni na thurea ya nyota, lakini paka tumewaacha na “kundi” kama mbuzi. Nilipolileta swali hili chamani, mmoja akasema “mnyauo wa paka”. Wengine wakacheka, ila mimi sikucheka. Mimi napendekeza “zogo la paka”, na aliyewahi kuwasikia saa nane za usiku juu ya paa la mabati atanielewa. Mwenye neno bora zaidi alibandike kwenye ubao wa chama, nje ya maktaba, kabla ya muhula kufungwa.