Fundi kijana wa Thika aanzie wapi?

Swali: Kijana mwenye karakana ndogo ya kuchomelea vyuma Thika apate wapi mafunzo, mtaji na wateja?

Jibu: Busara ni kuanza na cheti. Fundi aliyejifunzia kazi jua kali hupimwa ujuzi na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, kuanzia gredi ya tatu. Huko huunga vyuma mbele ya mtahini, na maneno matupu hayasaidii.

Mtaji hutolewa na Kenya Industrial Estates, inayohudumia viwanda vidogo tangu 1967, na Hazina ya Vijana ya 2006.

Wateja ndio kazi ngumu. Sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na walemavu, ila malipo huchelewa, hivyo asiye na akiba asizitegemee peke yake. Viwanda vya Thika na Ruiru, vyenye mageti na mashine za kukarabatiwa, viko jirani.