Kutoka Solfa hadi Mistari Mitano: Itafute Doh Kwanza

Mwalimu, naimba sauti ya tatu na solfa naisoma vizuri. Nikitaka kusoma nota za mistari mitano, ni lazima nianze upya?

Hapana, na anayekushauri uisahau solfa anakupotosha. Kazi ngumu umeshaimaliza: sikio lako linajua umbali wa doh na soh, na linajua kwamba kutoka mi kwenda fa, au kutoka ti kwenda doh, ni hatua fupi ya nusu toni. Wapo wapiga kinanda wanaotaja jina la kila nota bila kusita, lakini waambie waiimbe bila kugusa kinanda, wanakwama. Wewe kilichobaki ni kujua doh imekaa wapi kwenye mistari.

Wala usiione solfa kuwa elimu duni. Mchungaji John Curwen wa Uingereza aliieneza katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ili watu wa kawaida waweze kusoma muziki. Wamisionari wakaileta Afrika. Mwaka 1897, Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alipotunga wimbo ambao muziki wake ndio wa Mungu Ibariki Afrika, aliuandika kwa solfa.

Sasa hiyo doh naipataje?

Mistari huhesabiwa kutoka chini. Ufunguo ni alama iliyo mwanzoni mwa mistari. Ufunguo wa G hujizungusha kwenye mstari wa pili, na mstari huo ni G. Ufunguo wa F una nukta mbili, moja juu na moja chini ya mstari wa nne. Huo ni F. Kutoka hapo herufi hupanda moja moja, mstari, nafasi, mstari, nafasi, na zikifika G zinaanza tena A.

Kisha tazama shapu (♯) au flati (♭) zilizopangwa baada ya ufunguo. Shapu ya mwisho, ile ya kulia kabisa, ni ti. Panda hatua moja, umeifikia doh. Flati ya mwisho ni fa. Shuka mi, re, doh. Pasipo na alama yoyote, doh ni C.

Chukua Haleluya ya Handel, ambayo kwaya nyingi huiimba Krismasi na Pasaka. Ina shapu mbili, F na C. Ya mwisho ni C, basi hiyo ndiyo ti, na doh ni D. Sauti ya kwanza wanaingia na doh ya juu, soh, la, soh. Kwenye karatasi utaona mstari wa nne, nafasi ya pili, mstari wa tatu, nafasi ya pili. Imba huku kidole kikifuata.

Sasa shika jambo hili, maana litakusaidia kuliko kukariri herufi: doh ikiwa kwenye mstari, mi na soh ziko kwenye mistari miwili inayofuata juu yake, na doh ya juu iko kwenye nafasi. Doh ikiwa kwenye nafasi, mi na soh nazo ziko kwenye nafasi, na doh ya juu inaangukia mstari. Ni hivyo katika kila wimbo.

Mbona sauti ya tatu mara iko ufunguo wa G, mara wa F?

Sauti ya tatu ikiwa na mistari yake peke yake, mara nyingi huandikwa kwa ufunguo wa G na huimbwa oktava moja chini ya ilipoandikwa. Katika vitabu vya nyimbo vyenye sauti nne, hukaa na besi kwenye ufunguo wa F: vijiti vinavyoelekea juu ni vyako, vya chini ni vya besi.

Na mapigo?

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu macho yote yako kwenye kupanda na kushuka. Katika wimbo wa mapigo manne (4/4), nota nyeusi yenye kijiti ni pigo moja. Nyeupe yenye kijiti, mawili. Nyeupe isiyo na kijiti, manne. Nyeusi yenye mkia ni nusu pigo. Nukta pembeni ya nota huongeza nusu ya urefu wake. Piga makofi wimbo mzima kabla hujatamka doh hata moja.

Nifanye mazoezi gani nyumbani?

Chukua wimbo unaoujua kwa solfa, chora mistari mitano, uuhamishe kwa mkono wako, sauti yako tu. Ukiukamilisha, ubadilishe doh, kwa mfano kutoka G kwenda F, uuandike tena. Usiandike herufi za solfa chini ya kila nota, kwani macho yatasoma herufi na kuiacha nota. Weka alama kwenye doh peke yake, nyingine zihesabu kutoka hapo.