Somo la Mwezi: Southgate, mtaa uliobomolewa ungali kijana

Wapendwa, katika kamati zetu za maendeleo twasikia sana maneno haya: "Tukipata pesa na mtaalamu, mengine yatajiweka sawa." Hebu leo tutazame mtaa mmoja wa Uingereza uliopata vyote viwili.

Mtaa huo ni Southgate, mjini Runcorn, karibu na Liverpool. Mwaka 1964 serikali iliamua Runcorn iwe mji mpya, ili watu waliokuwa wakibanana katika nyumba mbovu za Liverpool na sehemu za jirani wapate makao mema. Nia ilikuwa njema, hilo tusibishane. Shirika lililosimamia ujenzi likamwita James Stirling, msanifu wa majengo mwenye sifa kubwa, ambaye mwaka 1981 alipewa tuzo ya Pritzker.

Stirling alipenda viwanja vya mji wa kale wa Bath, kwa hiyo akapanga majengo yake ya simiti kuzunguka nyua za majani. Familia moja chini na kibustani chake, nyingine juu yake, na vyumba vidogo juu kabisa. Wa juu waliingia kwao kwa kupitia njia zilizoinuliwa kama madaraja, ambazo zilifika mpaka Shopping City, jengo kubwa la maduka lililofunguliwa 1972. Kwenye karatasi, safi kabisa!

Sasa tumwangalie mpangaji. Madirisha yalikuwa ya duara, na wenyeji wakayaita mashine za kufulia nguo. Walicheka, lakini kicheko kama hicho mwenye masikio anakielewa. Kubwa zaidi lilikuwa joto. (Kule baridi si mchezo, kukosa joto nyumbani ni kama sisi kukosa maji.) Joto la mtaa lilitoka kwenye mtambo wa pamoja uliotumia mafuta. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikaruka dunia nzima, na mzigo ukamwangukia mpangaji, ambaye hangeweza kusema ati leo nitawasha makaa yangu. Na zile njia za juu? Zilikuwa za kila mtu, basi zikawa hazina mwenyewe. Giza likiingia, watu waliogopa kupita.

Sehemu ya pili ya mtaa ilikamilika 1977. Kati ya 1990 na 1992 Southgate yote ilibomolewa. Fikirieni mtoto aliyezaliwa pale: hajamaliza shule, nyumba yao imekuwa kifusi.

Wengine humlaumu Stirling peke yake. Sisi hatuoni hivyo. Bei ya mafuta hakuipandisha yeye. Lakini dirisha la duara hakulazimishwa na mtu, na swali dogo kwa mama mmoja wa Liverpool halingegharimu kitu.

Pahali pale pakajengwa Hallwood Park: nyumba fupi za matofali, kila moja na mlango wake wa mbele na bustani. Safari hii wapangaji waliulizwa wanataka nini.

Kwa vikundi: someni Luka 14:28-30. Twazoea kusoma mistari hiyo kuhusu pesa tu. Je, ni gharama gani nyingine ambayo hawa wa Runcorn hawakuihesabu? Halafu chukueni mradi mmoja wa kanisa lenu, choo, kisima au darasa, mwandike majina ya watakaoutumia kila siku. Ni wangapi kati yao walikuwa kwenye mkutano mliopitisha ramani?