Ushindi Huanza Kabla ya Safari

Mtu aonaye motokaa ya mashindano ikipita vumbini kama mshale hudhani kwamba kazi ya dereva ni kukanyaga mafuta tu, na kwamba ashindaye ni yule aliye jasiri kuliko wenziwe. Sivyo. Ujasiri ni wa lazima, lakini ujasiri peke yake humtupa mtu bondeni. Ushindi mwingi hupatikana siku kadha wa kadha kabla ya bendera kushushwa, wakati ambapo hapana mtazamaji wala mpiga makofi.

1. Kukagua njia

Natutwae mfano wa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo mwaka 2021 yalirudishwa katika ubingwa wa dunia, huko Naivasha katika Kenya. Katika kila motokaa wamo watu wawili: dereva, na mwenziwe asomaye njia. Mashindano hukatwa vipande vipande, na katika kila kipande njia hufungwa, ili watu wengine wasipite, na mwendo hupimwa kwa saa.

Kabla ya mashindano, wawili hao hupewa ruhusa ya kupita mara mbili tu katika kila kipande. Hawaendi kwa motokaa yao ya mashindano, wala hawaendi mbio. Sheria imeweka kiasi cha mwendo, na akizidishaye huadhibiwa. Mara ya kwanza dereva hutazama njia na kunena, na mwenziwe huandika katika daftari. Mara ya pili mwenziwe husoma yale aliyoandika, na dereva husikiliza na kusahihisha. Wahenga walisema, "Mwenda pole hajikwai". Na hawa huenda pole leo ili kesho waende mbio wasijikwae.

Je, huandika nini? Kila kona hupewa namba. Madereva wengi huhesabu toka 1 hata 6: namba 1 ni kona kali sana, na 6 ni kona nyepesi ambayo motokaa yaweza kuipita kwa mbio. Wengine huhesabu kinyume chake. Baina ya kona na kona huandikwa mita. Basi mwenziwe husoma hivi: "Mita mia, kushoto tano, kulia tatu, usikate, jiwe ndani." Kwa maneno hayo machache dereva hujua kwamba baada ya mita 100 iko kona nyepesi ya kushoto, kisha kona kali zaidi ya kulia, na kwamba asiubane sana ukingo wa ndani, kwa kuwa pana jiwe.

Fikiri sasa, msomaji: mwandishi akikosea, akaandika tano mahali pa mbili, dereva atafika katika kona kali kwa mbio za kona nyepesi. Kosa la namba moja laweza kuwatoa uhai wote wawili. Kwa sababu hiyo hawaoni haya kusahihishana.

2. Habari ya Moss na Jenkinson

Kazi hii ya kuandika njia ilipata sifa kubwa katika Italia mwaka 1955. Palikuwa na mashindano yaliyoitwa Mille Miglia, maana yake Maili Elfu, toka mji wa Brescia mpaka Roma na kurudi, kilometa 1,600 hivi. Dereva Stirling Moss, Mwingereza, alijua kwamba Waitalia waizoelea njia ile kuliko yeye. Basi yeye na mwenziwe Denis Jenkinson, aliyekuwa mwandishi wa habari, waliizunguka njia mara kadha kabla ya siku yenyewe. Jenkinson aliandika kila mahali pa hatari katika karatasi ndefu ya mita 5 hivi, akaizungusha katika kisanduku chenye kidirisha, ili aivingirishe kidogo kidogo kadiri ya kwenda kwao.

Motokaa ilikuwa wazi juu, na kwa kishindo cha injini hawakuweza kusikizana. Kwa hiyo walipatana ishara za mkono, wakajifunza hata zikawa kama maneno. Palikuwa na migongo ya vilima ambayo dereva hakuweza kuona ng'ambo yake. Jenkinson alipotoa ishara kwamba njia ni nyofu, Moss hakupunguza mwendo, akauamini mkono wa mwenziwe.

Njiani Jenkinson alishikwa na kichefuchefu, akainama nje kutapika, na upepo ukachukua miwani yake. Asiyejitayarisha angalikwisha kazi hapo, maana mtu asiyeona hawezi kusoma. Lakini yeye alikuwa amechukua miwani ya pili. Tarehe 1 Mei 1955 walimaliza safari kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48, wakashinda.

3. Kuitengeneza motokaa

Mafundi nao wana kazi yao. Kwa njia za Kenya huimarisha sehemu za chini, zisivunjwe na mawe, na huweka bomba la kuvutia hewa juu, ili injini isinywe maji penye mto. Dereva na mwenziwe hujifunza kubadili gurudumu upesi na kutengeneza ubovu mdogo, maana wakiharibikiwa katikati ya kipande cha njia, mafundi hawapo. Kisha motokaa hujaribiwa katika njia fupi, ili kasoro ijulikane mapema.

Hata hivyo, daftari haliwezi kuizuia mvua. Njia iliyokaguliwa ikiwa kavu yaweza kugeuka tope siku ya pili. Mwaka 1968 motokaa 93 zilianza mashindano ya Safari, na zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Kwa hiyo dereva mwenye akili huliamini daftari, lakini hafumbi macho.

4. Mafundisho

Katika habari hii twajifunza kwamba mwenye kutaka kwenda mbio sharti kwanza akubali kwenda polepole, na kwamba kazi ya wawili husimama kwa kuaminiana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nanyi wanafunzi, mkienda kutazama mashindano, simameni mbali na njia, mahali pa juu, wala si katika ukingo wa nje wa kona. Kwa maana dereva aliandika mawe na mashimo, lakini ninyi hamkuandikwa katika daftari lake.

Maswali

1. Kwa nini dereva hupita mara mbili katika kila kipande cha njia?
2. Eleza maana ya maneno haya: "Mita mia, kushoto tano, kulia tatu, usikate."
3. Moss na Jenkinson waliongeaje bila kusikizana?
4. Miwani ya pili yatufundisha nini?
5. Andika, kwa mfano wa daftari la dereva, njia ya kutoka nyumbani kwenu mpaka shuleni.