Shokapu ya mbele inavuja oili? Usikimbilie kununua sili

Wauzaji wenzangu, leo tuache kidogo habari za picha na maposti. Tuongelee pikipiki, maana kuuza kwenye simu ni jambo moja na mzigo kumfikia mteja ni jambo jingine. Mimi natuma parachichi na ndizi kutoka Kisondela. Oda napokea WhatsApp, pikipiki inapeleka Tukuyu, basi linamalizia. Sasa Rungwe unaijua: mvua, tope, mashimo. Shokapu za mbele zinapata tabu kweli.

Dalili ni hii. Lile bomba jembamba linalong'aa lina utando wa oili, na vumbi limeganda pale chini kama uji mweusi. Ukikamata breki, pikipiki inainama mbele kupita kawaida. Wengi wanafuta na tambara halafu safari inaendelea. Kama breki yako ya mbele ni ya diski, hiyo ni hatari. Oili inateremka hadi kwenye pedi, na pedi iliyolowa oili haishiki. Uko kwenye mteremko, nyuma una kreti mbili za parachichi, hapo utafanyaje? Pedi zikishalowa badilisha, usizikaushe juani, na diski isafishe kwa spiriti.

Sasa ufundi wenyewe. Mara nyingi sili haijafa, kuna mchanga tu umenasa kwenye mdomo wake. Osha eneo lote kwanza, kausha, kisha nyanyua taratibu kile kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi. Chukua chupa ya plastiki ya soda, kata kipande chembamba, kichonge ncha iwe na kandoano kadogo. Kipenyeze kati ya bomba na sili, zungusha pande zote ukivuta uchafu nje. Bisibisi hapana kabisa! Itachana sili na kukwaruza bomba. Ukimaliza futa, kamata breki ya mbele, bonyeza usukani chini mara kumi hivi, futa tena. Endesha siku moja uangalie. Bomba likibaki kavu, umeokoa hela.

Likilowa tena, usinunue sili kabla hujapitisha ukucha kwenye bomba, juu hadi chini. Hapa ndipo watu wanapoliwa hela: sili mpya inafungwa, baada ya wiki inavuja, lawama kwa aliyeuza. Kumbe bomba lina kutu au mkwaruzo unaoichana sili kila shokapu inapocheza. Kikwaruzo kidogo kinalainishwa kwa msasa laini namba 1000 uliolowa oili. Shimo la kutu ambalo ukucha unanasa, au bomba lililopinda, hilo ni la kubadilisha.

Sili ikibidi kubadilishwa, badilisha pande zote mbili. Mwambie fundi afunike ncha ya bomba kwa nailoni na kupaka oili mdomo wa sili kabla ya kuipitisha, na aigonge kwa bomba la upana wake ili iingie sawasawa. Oili iwe ya shokapu, kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, kushoto na kulia sawa. Kuna mafundi wanamimina ya injini kwa kukadiria macho. Mimi nasimama pale pale mpaka apime.

Na wewe unayeuza spea mtandaoni, usiposti "sili za shokapu zipo" basi. Sili ina namba tatu: upana wa ndani, upana wa nje na unene, kwa milimita. Zipige picha zisomeke. Mnunuzi naye apige picha namba za sili ya zamani kabla fundi hajaitupa, maana pikipiki mbili za jina moja zinaweza kutofautiana, na kurudisha sili kwa basi kutoka Tukuyu ni nauli juu ya nauli.