Katika Nyumba ya Makumbusho

Watoto wengi wakisikia neno « makumbusho » hufikiri juu ya giza, mavumbi, na mlinzi mwenye kukataza kila jambo. Usiguse! Usikimbie! Usipige kelele! Nao hujiuliza moyoni: « Vigae na vyuma vyenye kutu vina faida gani? Kwetu nyumbani tunavyo vyungu, tena vizima. » Haya basi, leo tutaingia pamoja katika nyumba moja ya namna hiyo mjini Lubumbashi, nanyi mtaamua wenyewe kama vigae havina la kusema.

Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1946, wakati mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville. Aliyeianzisha ni Mbelgiji, jina lake Francis Cabu, mtu aliyependa sana kutafuta vitu vya kale vya nchi ya Katanga. Siku hizi ni Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Vitu vilivyomo ni vingi mno. Anayetaka kuviona vyote kwa mara moja haoni kitu. Macho yanachoka, na jioni akiulizwa na mama yake, « Umeona nini? », anajibu: « Vitu vingi. » Hilo si jibu. Afadhali kuchagua kitu kimoja au viwili, kusimama mbele yake bila haraka, na kukiuliza maswali kama unavyomwuliza mgeni aliyetoka mbali. Sisi tutachagua viwili: vyungu vya Sanga na misalaba ya shaba.

Sanga ni mahali kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, pale mto Lualaba unapopita katikati ya maziwa na mabwawa yenye mafunjo. Tangu zamani watu wa huko ni wavuvi. Mwaka 1957 mtaalamu mmoja Mbelgiji, Jacques Nenquin, alikwenda kuchimba huko. Mwaka uliofuata Jean Hiernaux na wenzake walichimba pia, na mwaka 1974 Pierre de Maret akaendelea na kazi hiyo. Hawakutafuta dhahabu. Walitafuta habari. Walitoa udongo kidogo kidogo, wakapima, wakaandika, wakachora kila kitu mahali pake kabla ya kukiinua. Kumbe, chini ya miguu ya watu palikuwa na makaburi mengi sana! Yaliyofunguliwa yalipita mia moja, na mengi kati ya hayo yana umri wa miaka karibu elfu moja.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: « Walijuaje umri wake? Hakuna aliyeandika. » Ni swali jema. Kwanza, kaburi lililochimbwa juu ya kaburi jingine na kulikata ni jipya kuliko lile la chini. Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analifahamu. Pili, katika makaa na mifupa mna kitu ambacho hupungua polepole baada ya mti kukatwa au mtu kufa, nacho hupungua kwa mwendo ule ule siku zote. Wataalamu hupima kiasi kilichobaki, wakahesabu miaka iliyopita. Hawapati mwaka wenyewe hasa, lakini hupata karne.

Sasa tutazame vyungu. Vina tako la mviringo, kwa hiyo havisimami vizuri juu ya meza. Vilifanywa kukaa juu ya mafiga au juu ya mchanga. Ukuta wake ni mwembamba, na shingoni vina michoro iliyokatwa kwa mkono usiotetemeka. Anayejua kazi ya udongo atakuambia kwamba aliyevifanya hakuwa mwanafunzi. Pamoja na vyungu, wachimbaji walikuta majembe, mashoka, mikuki, vyombo vya kuvulia samaki, na vikuku vya shaba mikononi na miguuni mwa marehemu. Walikuta pia majiko madogo ya udongo yenye pembe tatu za kuwekea chungu. Jiko la nini? Waulizeni wavuvi wa Upemba. Mtu anayekaa siku nyingi katika mtumbwi anahitaji kupika, wala hawezi kuwasha moto juu ya mbao. Basi anaweka moto ndani ya jiko la udongo. Mvuvi wa miaka elfu moja iliyopita alikuwa na akili ile ile, naye alizikwa pamoja na jiko lake.

Lakini mimi hupenda zaidi vyungu vidogo. Viko vidogo hata mtu mzima atafikiri ni vya kuchezea. Havikuwa vya kuchezea. Vilitoka katika makaburi ya watoto. Mzee alizikwa na vyungu vikubwa, mtoto alizikwa na vyungu vidogo, kwa kipimo chake. Fikirini kidogo. Mtoto amekufa, labda kwa homa, katika kijiji kando ya ziwa. Mama analia. Lakini mtu mmoja anakaa chini, anachukua udongo, anafinyanga chungu kidogo, anakichora shingoni sawasawa kama kikubwa, anakichoma, halafu wanakiweka kando ya mtoto. Watu hao walikuwa hawajasikia Injili. Hata hivyo walimheshimu mtoto wao aliyelala. Majina yao yamepotea, lugha yao hatukuisikia, ila huzuni yao tunaiona hapa, kubwa kama ngumi ya mkono.

Tena makaburi mengine ya watoto yana vitu vingi kuliko ya watu wazima. Hapo wataalamu walifikiri sana. Mtoto hawezi kupata mali kwa kazi yake. Hajalima, hajavua, hajafanya biashara. Basi mali ile ni ya jamaa yake, na heshima aliipata kwa kuzaliwa. Ndiyo kusema, zamani zile palikuwa tayari na jamaa za wakubwa na jamaa za watu wa kawaida. Mwaona? Hakuna kitabu kilichotuambia jambo hilo. Limesemwa na vyungu.

Katika makaburi hayo zilionekana pia simbi, yaani yale magamba meupe ya wanyama wadogo wa baharini. Ziwa Kisale halina simbi. Zilitoka bahari ya Hindi, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka huko, nazo zilipita mkono kwa mkono, soko kwa soko, kabla ya kufika Lualaba. Wanaosema kwamba watu wa bara walikaa zamani kila mmoja katika kijiji chake, bila kujua kuna watu wengine duniani, na waje watazame simbi hizi.

Sasa tuje kwenye misalaba. Mara moja mtasema: « Ni msalaba wa Yesu! » Sivyo. Wazee wa Katanga walifanya shaba kwa umbo hili, lenye mikono minne, miaka mamia kabla ya mapadri wa kwanza kufika. Ilikuwa mali na fedha.

Namna ya kuifanya iliandikwa mwaka 1926 na Monsinyori de Hemptinne, Mbenediktini, aliyekuwa mkuu wa misioni ya Katanga. Aliita habari yake kwa jina la « walaji wa shaba », kwa sababu hivyo ndivyo walivyoitwa wenye kazi hiyo. Kazi ilianza baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, mvua isipoweza kujaza mashimo. Watu walichimba mawe ya kijani, ndiyo malakiti, ambayo wengi wenu mmeyaona. Walichoma makaa ya miti migumu. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, maana udongo huo unavumilia moto. Halafu walipanga makaa na mawe, wakavuta mivukuto bila kupumzika, mpaka shaba ikatiririka nyekundu. Waliimimina katika kalibu iliyochorwa mchangani, ikapoa, ukawa msalaba. Mkubwa wa kazi alishika siri zake, akamfundisha mwanawe.

Makaburi ya Sanga yanatueleza sehemu nyingine ya habari hiyo. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ni mikubwa, nayo ni michache. Kadiri miaka ilivyopita ikawa midogo, tena mingi, mpaka mingine haipiti kidole kwa urefu. Kwa nini? Msalaba mkubwa wafaa kulipa jambo kubwa, kama mahari. Lakini nani atanunua samaki wawili kwa msalaba mkubwa? Ili kununua na kuuza kila siku, lazima fedha ndogo. Watu wa Upemba waliligundua jambo hilo wenyewe. Nakumbusha pia kwamba mwaka 1961, Katanga ilipokuwa imejitenga, sarafu zake za franka 1 na franka 5 zilichapwa sura ya msalaba huo. Baba au babu wa mtu kati yenu labda anayo moja ndani ya sanduku.

Liko swali jingine ambalo mwenye kuzuru nyumba ya makumbusho asilisahau: kitu hiki kimefikaje hapa? Vyungu vya Sanga vilichimbwa kwa taratibu, na kila kimoja kina habari zake katika daftari. Vingine havikufika hivyo. Kando ya ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie, iko Mpala. Mwaka 1883 kapiteni Storms alijenga boma pale, na mwaka 1885 boma lilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, likawa misioni. Ni mahali penye historia kubwa ya dini yetu. Lakini historia ya mahali pale ina pia mambo ya uchungu. Mwaka 1884 watu wa Storms walipigana na mfalme Lusinga wa Watabwa, wakamwua, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Sanamu moja nzuri sana ya Lusinga ilichukuliwa pia, nayo imewekwa katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles. Anayesimama mbele ya sanamu ile na kusema tu « inapendeza » ameona nusu.

Kati ya mwaka 1976 na 1982, Tervuren ilirudisha Kinshasa vitu 114. Kwa bahati mbaya, wakati wa machafuko ya miaka ya 1990 vingi viliibwa, vikauzwa tena ng'ambo. Tangu mwaka 2019 Kinshasa ina makumbusho mapya ya taifa, makubwa na yenye kuta imara, na maneno ya kurudisha vitu yanaendelea.

Kitu kikiibwa, hasara si bei tu. Chungu kilichochimbwa usiku na mwizi, kikauzwa sokoni, kimekuwa bubu. Hatujui tena kilikuwa kando ya nani, mzee au mtoto, juu ya kaburi gani, pamoja na simbi au bila simbi. Chaweza kukaa katika nyumba ya tajiri miaka mia, wala hakitasema tena neno.

Ndiyo sababu mlinzi anasema « usiguse ». Haoni raha kuwakataza. Jasho la vidole linakula shaba na chuma, na chungu chembamba kilichovumilia miaka elfu moja ardhini kinavunjika kwa kiwiko cha mtoto mmoja anayesukumana na mwenzake. Basi tazameni kwa macho, tena kwa kalamu. Chukueni daftari, mchore kitu kimoja. Mwenye kuchora hulazimika kutazama, naye huona mambo ambayo mpitaji hayaoni: alama ya kidole cha mfinyanzi, mahali palipotengenezwa baada ya kupasuka, rangi nyeusi ya moshi upande mmoja tu.

Na walio mbali na Lubumbashi wasisikitike. Mambo ya kale hayakai mjini tu. Kuna hata bustani za namna hiyo: Kisantu, katika Kongo ya Kati, Frère Gillet, Mjezwiti, alipanda miti ya nchi nyingi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na watu wanakwenda mpaka leo kutembea chini ya vivuli vyake. Katika misioni zetu nyingi iko nyumba ya kwanza ya mapadri au ya masista, au mti wa mwembe ambao wazee wanajua ulipandwa na nani. Mwulizeni padri au katekista mzee. Tazameni matofali: yalichomwa wapi, nani aliyabeba?

Tena ikitokea mnalima shamba, au mvua imekata njia, mkaona chungu kizima au kipande cha shaba ardhini, msikivute. Acheni kilivyo, wekeni alama ya kijiti, mwiteni mwalimu au mkubwa wa kijiji. Wenye kuchimba kwa ujuzi watataka kujua kilivyolala, na kilichokuwa kando yake.

MASWALI

1. Kwa nini vyungu vya Sanga vina tako la mviringo?
2. Jiko la pembe tatu lilikuwa na kazi gani?
3. Wataalamu walijuaje kwamba palikuwa na jamaa za wakubwa?
4. Eleza kwa maneno yako jinsi msalaba wa shaba ulivyofanywa.
5. Kazi ya nyumbani: Omba kwa wazazi kitu cha zamani kilichomo nyumbani. Kichore. Uliza kilikuwa cha nani, na kilifikaje kwenu. Andika majibu kwa mistari sita.