Usisubiri Woga Uishe Ndipo Uanze

Leo namjibu mdogo wangu wa Kinole, kule milima ya Uluguru. Analima karafuu na mdalasini, na anasuka mikeka kama alivyofundishwa na bibi yake. Siku hizi anatamani kuchora. Anasema: “Dada, sanaa sikusomea, rangi sina, na nikianza watu watasema nimetupa jembe ili nicheze.”

Mdogo wangu, pole kwa kuibeba hamu hiyo peke yako. Si utoto hata kidogo. Ila unangoja ujasiri uje ndipo ushike brashi, na ujasiri hauna desturi hiyo. Humjia mtu akiwa kazini tayari, mikono imeshachafuka.

Mfikirie Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880, kwenye familia ya wafinyanzi, na shule hakuiona. Alikuwa akitembeza vyungu mjini huku akivinadi, na sauti hiyohiyo ya kunadi vyungu ndiyo iliyowafanya watu wageuke kumsikiliza. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza muziki kwa wanaoujua, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Hakuwa msichana tena. Wapo waliomtungia nyimbo za kumdharau kwa sababu ya asili yake, naye akawajibu kwa wimbo. Maneno ya watu hayakuisha ndipo akaimba, aliimba yakiwapo.

Au Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Alianza kuchora karibu mwaka 1968, akiwa mtu mzima mwenye shughuli nyingine. Hakungoja turubai wala rangi za wasomi. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi za mafuta zilizouzwa madukani kwa kazi za kawaida, akachora ndege na wanyama. Alifariki mwaka 1972, lakini miaka hiyo michache ilitosha mtindo wake ubaki na jina lake hadi leo.

Sasa tuje kwako. Unasema hujui kuchora. Ukindu nani anautia rangi sufuriani? Nani anajua ni miyaa mingapi myekundu iingie kwenye ukili, na mingapi ya zambarau, ili ukishashona pembe za pambo zikutane bila kupishana? Hiyo ni kazi ya msanii. Macho yako yameshazoea kupima, kurudia na kupanga rangi. Kilicho kigeni kwako ni brashi tu.

Kwa hiyo anzia hapohapo. Chukua boksi gumu, lifungue, uchore kwa mkaa pambo la mkeka unaoujua vizuri kuliko yote. Ukishuka Morogoro mjini kuuza mazao, pita Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile lenye jina la machifu wa huko kwenu Kinole, kisha uwatafute mafundi wanaochora mabango. Waulize wanavyochanganya rangi, na uwaombe wakuuzie mabaki ya makopo. Fundi anayeipenda kazi yake hapendi kukaa na ujuzi kimya.

Jipangie muda mdogo usiogombana na shamba. Msimu wa karafuu ukipamba moto, punguza, lakini usiache kabisa, maana mkono ukilala sana kuuamsha ni kazi. Na kila mchoro uumalize, hata ule unaokuudhi katikati. Michoro ya mwanzo itakuwa mibaya, mdogo wangu. Ivumilie. Ndiyo inayokuonyesha mkono unapoyumba.

Kuhusu watu, usiwaite wote mapema. Mchague mmoja. Mimi ningemchagua bibi. Aliyekusahihisha ukili uliopinda ataona pia mstari uliopinda, na atakwambia kwa upendo bila kukuficha. Mama akinung’unika, mwonyeshe kwamba palizi imekwisha na jiko halijalala. Kisha endelea na kazi yako kwa adabu. Ukweli ni kwamba wengi wanaouliza “unacheza nini?” wana hamu yao waliyoizika zamani, na huenda wewe ukawakumbusha.

Na ukijaribu kwa moyo wote ukaona kuchora si kwako, umeruhusiwa kwenda kwenye ufinyanzi, ushonaji au utunzi. Ulichojifunza utakwenda nacho.

Haya, mkaa upo jikoni na boksi halikosekani dukani. Anza wiki hii. Na ukishamaliza mchoro wa kwanza, shika wa pili kabla hujamuuliza mtu yeyote kama ule wa kwanza ni mzuri.

Wako akupendaye,
Dada